Mgeni Asiyebisha Hodi: Programu za Kijasusi Katika Kompyuta ya Nyumbani

Na Mwandishi Wetu

Mwizi wa zamani alivunja mlango usiku, akachukua redio na baiskeli, akatoweka. Kulipopambazuka mwenye nyumba alijua kwamba ameibiwa, na majirani walimpa pole. Mwizi tunayemzungumzia leo havunji kitu. Huingia mchana, mbele ya macho ya wenye nyumba, na aghalabu huwa amekaribishwa na mmoja wao. Akishaingia hatoki. Hukaa sebuleni akisikiliza mazungumzo, na kila mtoto anapotumwa mahali, yeye humshika mkono akampitisha kwanza dukani kwake.

Mwizi huyo ni programu ya kijasusi inayoteka kivinjari cha kompyuta. Kivinjari ni ile programu tunayoitumia kufungua kurasa za intaneti, kama vile Chrome, Edge na Firefox. Ndiyo mlango wa kompyuta kuelekea ulimwenguni. Mlango huo ukishikwa na mtu mwingine, kila atokaye na kila aingiaye hupita mikononi mwake.

Chukua mfano wa nyumba moja huko Nangwa, wilayani Hanang', mkoani Manyara, chini ya mlima ule wenye kimo cha mita 3,400 na ushei. Mfano huu hauhusu nyumba yoyote maalumu. Ni habari ya nyumba nyingi, za vijijini na za mijini. Kijana wa nyumba hiyo anafanya kazi Arusha au Dar es Salaam. Amejibana, amenunua kompyuta iliyokwisha tumika, akaipeleka nyumbani kwa basi linalopita Babati, ili wadogo zake wasome, baba aangalie bei ya mbaazi na alizeti, na mama aone picha za wajukuu. Intaneti yenyewe inatoka kwenye simu: bando linanunuliwa, simu inawekwa mezani, na kompyuta inavuta mtandao kutoka humo.

Miezi ya mwanzo kazi inakwenda vizuri. Kisha mambo yanaanza kubadilika kidogo kidogo. Ukurasa uliozoeleka wa mwanzo haupo tena. Pamekuja mwingine wenye jina geni na matangazo tele. Mtoto akiandika swali la jiografia, majibu yanatoka katika kitafutio asichokijua. Vidirisha vinaruka kwenye pembe ya kioo, vingine vikitangaza kamari, vingine vikidai kwamba kompyuta ina virusi mia tatu na kwamba dawa yake inauzwa hapo hapo. Mtu akirudisha ukurasa wake wa zamani, kesho yake anaukuta umebadilishwa tena. Bando lililokuwa likitosha wiki nzima sasa linakwisha kwa siku mbili.

Wengi wakifikia hapo husema, "Kompyuta imezeeka." Haijazeeka. Imetekwa.

HASARA YAKE NI IPI?

Yupo atakayeuliza: matangazo machache yana ubaya gani? Si yanaweza kufungwa tu, kazi ikaendelea?

Jibu liko katika mambo ambayo familia inayatafuta siku hizi kwa njia ya kompyuta. Matokeo ya mitihani ya taifa hutangazwa na Baraza la Mitihani, NECTA, kupitia tovuti yake. Maombi ya mkopo wa elimu ya juu hupelekwa kwa Bodi ya Mikopo, HESLB, kwa mtandao. Vyuo navyo hupokea maombi kwa njia hiyo, na maombi yote hayo yana siku ya mwisho. Kijana aliyemaliza kidato cha sita akiandika jina la Bodi katika kitafutio kilichotekwa, huenda jibu la kwanza kutokea likawa tangazo la mtu aliyelipia, lenye ukurasa uliofanana na ule wa kweli. Ataandika humo jina lake, namba ya kitambulisho, namba ya simu na nenosiri. Pengine ataambiwa atume ada kwa namba fulani ya simu, naye ataituma. Atakapotambua kwamba amedanganywa, siku ya mwisho imepita.

Basi hasara inapita matangazo na bando. Familia inayategemea majibu ya kompyuta kama inavyotegemea neno la mwalimu, nayo haijui kwamba majibu hayo sasa yanachaguliwa na mfanyabiashara asiyejulikana alipo.

Tena si programu zote za namna hii zenye ubaya sawa. Zipo zinazoishia kubadilisha ukurasa na kuleta matangazo. Zipo zinazoandika orodha ya kila ukurasa uliofunguliwa na kuipeleka kwa bwana wao. Na zipo, mbaya kupita zote, zinazonakili kila herufi inayobonyezwa, yakiwamo manenosiri. Mtu wa nyumbani hana njia rahisi ya kujua ni ipi iliyomwingilia. Kwa sababu hiyo yafaa kila moja ishughulikiwe kana kwamba ni ya aina ile ya mwisho.

BIASHARA KUBWA

Watu hawatengenezi programu hizi kwa utundu tu. Kuna fedha ndani yake. Watangazaji hulipa kwa kila mtu anayeletwa kwenye kurasa zao, na vitafutio vikubwa hugawana mapato na wale wanaovipelekea watu. Malipo ya mtu mmoja ni senti chache. Lakini mwenye kuteka vivinjari milioni moja, kila kimoja kikitafuta mambo kumi kwa siku, anavuna kila siku bila kulima.

Historia yake imekwisha kuwa ndefu. Mwaka 2003 ulimwengu ulisumbuliwa na programu iliyoitwa CoolWebSearch, ambayo iliteka kivinjari cha Internet Explorer, ikabadilisha ukurasa wa mwanzo na kuwapeleka watu mahali wasipopataka. Aliyesimama kupambana nayo alikuwa mwanafunzi wa Uholanzi, Merijn Bellekom. Alitengeneza vyombo viwili, HijackThis na CWShredder, akavitoa bure kwa yeyote mwenye shida.

Oktoba 2004 Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, ilifungua kesi yake ya kwanza juu ya programu za kijasusi. Mshtakiwa alikuwa Sanford Wallace pamoja na kampuni zake. Programu zao zilibadilisha kurasa za watu na kuwamwagia matangazo. Hata kile kisahani cha kompyuta cha kuwekea sidii zilikifungua zenyewe, ili mwenye kompyuta ashtuke. Akishashtuka, alitangaziwa dawa iitwayo Spy Wiper au Spy Deleter kwa dola 30. Yaani aliyetia sumu ndiye aliyeuza dawa. Mwaka 2006 mahakama iliamuru Wallace na kampuni yake walipe zaidi ya dola milioni 4. Hila ile haikufa pamoja na hukumu. Kile kidirisha kinachosema leo kwamba kompyuta ina virusi mia tatu ni mjukuu wake.

Mwezi Juni 2017 kampuni ya usalama ya Check Point ilitangaza habari za programu iitwayo Fireball, ambayo ilihusishwa na kampuni ya matangazo ya Rafotech ya mjini Beijing. Check Point walikadiria kwamba kompyuta zaidi ya milioni 250 duniani zilikuwa zimeingiliwa. Microsoft walipinga, wakasema idadi hiyo imezidishwa. Lakini juu ya jinsi ilivyoingia hapakuwa na ubishi mkubwa: ilikuja imefungwa pamoja na programu nyingine za bure ambazo watu walizitaka.

Hata kununua kompyuta mpya hakumwokoi mtu daima. Baadhi ya kompyuta za mkononi za Lenovo zilizouzwa kuanzia mwaka 2014 zilitoka kiwandani zikiwa na programu ya Superfish, ambayo iliingiza matangazo katika kurasa na kudhoofisha ile kufuli inayolinda mawasiliano ya siri na benki. Habari ilipofichuka Februari 2015, kampuni iliacha kuiweka na kutoa njia ya kuiondoa. Mwaka 2017 ilikubaliana na FTC pamoja na majimbo 32 ya Marekani, na kulipa majimbo hayo dola milioni 3.5.

ANAINGIAJE?

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Katika jambo hili msemo huo ni kweli neno kwa neno. Mara nyingi mtekaji hahitaji kuvunja kufuli, kwa kuwa mwenye nyumba mwenyewe amebonyeza kitufe cha kukubali.

Njia ya kwanza ni programu za bure. Mtu anatafuta chombo cha kugeuza faili, cha kupakua muziki au cha kutazama filamu. Katika ukurasa anaoufungua kuna vitufe vikubwa vya kijani vilivyoandikwa "pakua", na karibu vyote ni matangazo. Kile cha kweli ni kidogo, kimejificha pembeni. Akishapata programu yake huanza kuisakinisha. Kila ukurasa unapouliza neno, yeye hubonyeza "endelea, endelea" bila kusoma. Ndani ya moja ya kurasa hizo palikuwa na kiboksi kilichokwisha wekewa alama, kikisema kwamba amekubali kuongezewa upau wa kutafutia na kubadilishiwa ukurasa wa mwanzo. Hata programu ya Java, ya kampuni kubwa ya Oracle, kwa miaka kadhaa ilikuja na upau wa Ask kwa namna hiyo hiyo. Haraka haraka haina baraka.

Njia ya pili ni programu zilizovunjwa kufuli, zile za kuuzwa ambazo mtu huzipata bure kwa mlango wa nyuma. Kompyuta nyingi zilizokwisha tumika huuzwa zikiwa nazo. Aliyevunja kufuli ile hakufanya kazi ya sadaka. Tena maelekezo yake huanza kwa kumwambia mtu azime kwanza ulinzi wa kompyuta, na huko ni kumwambia mwenye nyumba amfunge mbwa kabla mgeni hajafika.

Njia ya tatu ni vile viongezo vidogo vinavyobandikwa kwenye kivinjari, cha kutafsiri maneno, cha kunasa picha, na kadhalika. Vingi ni vyema. Lakini kiongezo chema kinaweza kuuzwa kwa mwenyeji mwingine bila mtumiaji kuarifiwa. Kiongezo cha The Great Suspender, kilichokuwa na watumiaji wapatao milioni mbili, kilibadilisha mwenyewe mwaka 2020, na Februari 2021 Google ilikizima katika Chrome kwa kuwa kilikuwa na programu mbaya ndani yake. Watumiaji wake hawakufanya kosa lolote siku waliyokichagua.

Njia ya nne ni ruhusa ya arifa. Ukurasa wa filamu au wa mpira unasema, "Bonyeza ruhusu uthibitishe kwamba wewe ni binadamu." Mtu anabonyeza, na tangu hapo ukurasa ule una haki ya kutuma vidirisha vyake wakati wowote, hata mtu akiwa anaandika barua. Hakuna ukurasa wa kweli unaothibitisha ubinadamu kwa njia hiyo.

Njia ya tano ni flashi inayozunguka kutoka mkono mmoja hadi mwingine, ofisini, shuleni na katika maduka ya kuchapisha. Flashi ikirudi nyumbani, ipekuliwe na programu ya ulinzi kabla faili lolote halijafunguliwa.

KUMFUKUZA: HATUA KWA HATUA

Habari njema ni kwamba wengi wa wageni hawa hufukuzika bila gharama yoyote, mradi kazi ifanywe kwa utaratibu. Wanaoshindwa aghalabu ni wale walioanzia mwisho. Hurudisha ukurasa wa mwanzo kwanza, nayo programu iliyojificha ndani huubadilisha tena.

Kwanza, katiza mtandao. Zima intaneti ya simu au chomoa waya. Usipige namba ya simu iliyoandikwa kwenye kidirisha, usilipe kitu, na usiandike nenosiri lolote katika kompyuta hiyo mpaka kazi iishe. Shughuli za fedha zifanywe kwa chombo kingine.

Pili, okoa mali ya familia. Nakili picha, barua na masomo ya watoto kwenye flashi. Programu usizinakili, kwani adui anaweza kuwa mojawapo.

Tatu, ondoa programu ngeni. Katika Windows, fungua mipangilio, yenye alama ya gurudumu la meno, kisha orodha ya programu zilizomo. Ipange kwa tarehe ya kuingizwa. Kumbuka ni lini shida ilianza, uangalie zilizoingia siku hizo. Ile isiyojulikana na mtu yeyote nyumbani ichunguzwe jina lake kwa simu kabla ya kuondolewa, maana zipo programu ambazo ni viungo vya kompyuta yenyewe. Ikithibitika kuwa ni mtekaji, iondolewe.

Nne, safisha kivinjari. Katika Chrome na Edge bonyeza vinukta vitatu vilivyo pembeni juu. Katika Firefox, vistari vitatu. Kagua mambo manne: viongezo, kitafutio, kurasa zinazofunguka mwanzoni, na orodha ya kurasa zilizoruhusiwa kutuma arifa. Ondoa kila usichokijua. Kisha tafuta pale panaporudisha mipangilio yote kama ilivyokuwa mwanzo. Kufanya hivyo hakufuti alamisho zako. Asiyejua Kiingereza asiogope, kwani Chrome inaweza kuwekwa kwa Kiswahili katika mipangilio ya lugha. Ikiwa nyumbani kuna vivinjari viwili au vitatu, kila kimoja kisafishwe. Na ikiwa kivinjari kimeunganishwa na akaunti inayonakili mipangilio, zima unakilishaji huo kwanza, la sivyo kiongezo ulichokifuta kitarudi kutoka huko.

Ipo ishara moja ya kuangaliwa sana. Menyu ya Chrome au Edge ikisema kwamba kivinjari kinasimamiwa na shirika lako, hali kompyuta ni ya nyumbani na haikutoka ofisini wala shuleni, yamkini mtekaji amejifanya msimamizi. Hapo kufuta kwa mkono hakutoshi. Ni lazima hatua ya tano ifanywe.

Tano, pekua kompyuta nzima. Windows ina mlinzi wake, Microsoft Defender, ambaye hupatikana katika sehemu yenye alama ya ngao. Mwambie afanye upekuzi ule wa nje ya mtandao. Kompyuta itajizima, itawaka tena na kupekuliwa kabla programu nyingine hazijaamka. Kisha tumia AdwCleaner, chombo cha bure kinacholenga watekaji wa vivinjari. Kilianzishwa mwaka 2011, na tangu 2016 ni mali ya kampuni ya Malwarebytes. Kichukuliwe katika tovuti ya Malwarebytes yenyewe, kwa kompyuta iliyo salama, kiletwe kwa flashi. Dawa iliyookotwa katika tangazo isitumiwe hata kidogo. Tumekwisha kuona yaliyotendwa na Spy Wiper.

Sita, kagua njia za mkato. Bofya kitufe cha kulia juu ya alama ya kivinjari, utazame sifa zake. Baada ya jina la programu pasiwe na anwani yoyote ya tovuti iliyoongezwa mkiani. Ikiwapo, futa njia hiyo ya mkato na utengeneze mpya.

Saba, badilisha manenosiri, ukianza na la barua pepe, kwa sababu mwenye barua pepe anaweza kubadilisha mengine yote. Fanya hivyo kwa chombo kilicho safi, kisha uchague kutoka katika vifaa vyote.

SHIDA IKIWA NJE YA KOMPYUTA

Mara nyingine kompyuta husafishwa ikang'aa, lakini upotoshaji hauishi, tena unazipata hata simu za nyumbani. Hapo shuku kisambazi cha mtandao, kile kiboksi chenye taa kinachogawa intaneti nyumbani. Ndani yake kuna maelekezo ya mahali pa kuuliza anwani za tovuti. Maelekezo hayo yakibadilishwa, nyumba nzima hupotezwa.

Jambo hilo si la kubuni. Novemba 2011 polisi wa upelelezi wa Marekani, FBI, walitangaza kukamatwa kwa kundi la Waestonia walioendesha programu iitwayo DNSChanger. Ilikuwa imeingia katika kompyuta zipatazo milioni 4 katika nchi zaidi ya 100, ikageuza maelekezo hayo hayo na kuwaingizia wenyewe dola zisizopungua milioni 14. Dawa ya kisambazi ni kukirudisha katika hali ya kiwandani kwa kile kitundu kidogo kilicho nyuma yake, kisha kubadilisha nenosiri lililokuja nacho.

Na ikiwa baada ya yote hayo mgeni bado yumo, limebaki jambo moja: kufuta kila kitu na kuweka Windows upya. Kazi hiyo wengi humpa fundi. Yafaa achaguliwe fundi anayejulikana, asiyepachika Windows iliyovunjwa kufuli, na ikiwezekana mwenyewe uwepo anapofanya kazi. Mwenye kushika mashine ana uwezo mkubwa juu yake. Huko Kenya, mwezi Septemba 2025, watafiti wa Citizen Lab wa Chuo Kikuu cha Toronto walieleza kwamba programu ya kijasusi ya FlexiSPY ilipachikwa katika simu za watengeneza filamu wakati simu hizo zilipokuwa mikononi mwa polisi. Programu ile inauzwa waziwazi, na mwenye kuitaka huhitaji kuishika simu kwa muda.

KINGA NI BORA KULIKO TIBA

Nyumba iliyokwisha safishwa hulindwa kwa mazoea machache. Kompyuta iwe na akaunti mbili: moja ya msimamizi, yenye nenosiri ambalo wazazi wanalijua, na nyingine ya kawaida kwa kazi za kila siku. Mtoto akibonyeza asipopajua, programu nyingi hazitaweza kuingia mpaka nenosiri litolewe.

Masahihisho ya Windows na ya kivinjari yaachwe yaingie, japo yanakula bando. Windows 7 iliachwa na Microsoft Januari 2020, na Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta nyingi za mitumba haziwezi kubeba Windows 11. Mwenye kompyuta ya namna hiyo anaweza kuwekewa Linux Mint au Ubuntu, ambazo ni za bure kihalali. Watekaji wengi waliotengenezwa kwa ajili ya Windows hawafanyi kazi humo, ingawa viongezo vibaya vya kivinjari bado ni vya kuchungwa.

Tovuti za taasisi za serikali ya Tanzania humalizikia na herufi .go.tz, zikiwamo za NECTA na HESLB. Familia iziandike anwani hizo katika daftari, na mtoto azoee kuandika anwani kamili badala ya kuitafuta. Kwa desturi hiyo moja tu, kitafutio kilichotekwa hukosa kazi.

Sheria nazo zipo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kuingilia kompyuta ya mtu bila ruhusa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilileta Tume inayosimamia haki ya mwananchi juu ya taarifa zake. Aliyetapeliwa fedha asinyamaze kwa aibu. Apeleke habari polisi na kwa kampuni yake ya simu, na ujumbe wa kitapeli uripotiwe kwa namba 15040 ya Mamlaka ya Mawasiliano. Lakini mtekaji mwenyewe aghalabu yuko ng'ambo, na mkono wa sheria hufika huko polepole. Mlinzi wa kwanza wa nyumba ni wenye nyumba.

Kuna kinga moja isiyouzwa wala kupakuliwa. Mtoto aliyebonyeza kitufe kibaya mara nyingi ndiye wa kwanza kujua kwamba kuna jambo limeharibika. Akijua kwamba atachapwa, atafunika kompyuta na kunyamaza, na mgeni atapata mwezi mzima wa kujikita. Akijua kwamba atasikilizwa, atakwenda kwa baba au mama jioni ile ile na kusema, na kazi ya dakika arobaini itaokoa ya mwezi. Wazazi wasimwachie kazi hiyo peke yake kwa kisingizio kwamba vijana ndio wajuzi wa mashine. Wakae naye, wafungue orodha ile ya programu, waulizane juu ya kila jina: hii ni ya nani, nani aliileta, inatufaa nini?

Mwaka 1974 serikali yetu ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na kwa miaka mingi chombo hicho kilikuwa cha ofisi chache tu. Waya wa chini ya bahari wa SEACOM ulifika Dar es Salaam mwaka 2009. Leo kompyuta imefika mpaka chini ya Mlima Hanang', imebebwa na basi, imenunuliwa kwa mshahara wa kijana aliyejibana. Chombo kilichopatikana kwa jasho namna hiyo hakistahili kumfanyia kazi mtu asiyejulikana. Jioni hii, kabla ya kufungua kitu kingine, fungua orodha ya viongezo vya kivinjari chako uisome jina kwa jina, wote mkiwapo.